Kijiji chetu kilimani Kabare: tuanze na rangi au tuanze na maji ya mvua?

Mwana wa Kilimani (mwenye uzi)

Jambo yenu wote. Nimezaliwa katika kijiji kimoja cha Kabare, Kivu Kusini huku kwetu Kongo, kule juu ambako ukisimama mlangoni asubuhi unaliona Ziwa Kivu limetandaa chini. Huu ni mwaka wa kumi na mbili naishi Bukavu, Kadutu. Mwezi wa nne nilipanda kumzika shangazi yangu, na nimerudi na kitu moyoni ambacho mpaka leo hakijatoka.

Njia ya kuingia kijijini imekuwa korongo. Mvua imeichimba mpaka mtu mzima anazama kiunoni. Ile miti miwili ya avoka tuliyokuwa tunacheza chini yake, mizizi yake iko nje, inaning'inia hewani. Waliobeba jeneza walilitua mara tatu, na mara ya tatu mmoja aliteleza, ubao ukagonga ukingo wa udongo. Mama alinishika mkono, akasema polepole, "Hata kwenda kaburini sasa ni taabu."

Nyumba nyingi zimeliwa chini na matone ya paa, unaona miti ya ndani kama mbavu. Sashe nyeusi za plastiki zimenasa kwenye kila ua. Chemchemi tuliyokuwa tunateka imekuwa dimbwi, mbuzi wanakunywa humohumo na watoto wanajaza bidoni pembeni yao.

Sisi wazaliwa tulioko mjini tuna likelemba yetu, mchango wa zamu. Tumetenga dola 340 kwa ajili ya kijiji, nyumba 64 kwa jumla. Wengi wanataka tununue chokaa tupake nyumba zilizo kando ya njia, tupande maua, tusimamishe kibao cha "Karibu". Niliomba tungoje wiki mbili kwanza niulize watu wenye ujuzi. Ninyi mngeanza wapi?

Mama Lengalenga

Mwanangu, pole kwa msiba, Mungu ampokee shangazi.

Anzeni na chemchemi. Uliza wamama wa kwenu wanaamka saa ngapi. Nimelelewa Kabare pia, ninajua kupanda mlima na bidoni ya lita 20 mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, huku unashika mtoto mkono. Ukifika nyumbani yale maji umeyateka na mavi ya mbuzi. Nyumba ikiwa nyeupe na mtoto anaharisha, uzuri huo ni wa nani?

Kijana wa Nguba

Kwa heshima zote, mama, mimi naona rangi nayo isidharauliwe. Nilisoma Bukavu nikiona aibu kusema natoka wapi. Wenzangu walikuwa wanaficha vijiji vyao kama mtu anavyoficha shati lililotoboka. Siku kijiji chetu kilipofagiliwa chote na kupandwa maua kwa ajili ya harusi, ndiyo siku ya kwanza nilileta rafiki nyumbani. Mtu akipenda pale anapoishi, hatupi taka pale. Wekeni hata kidogo cha macho, watu waone kitu kimebadilika, ndipo watakuja kwenye kazi ngumu.

Fundi Mawe

Kijana ana haki, na mama ana haki. Ila nimejenga kuta na mifereji kwenye milima hii zaidi ya miaka ishirini, naomba niseme kwa urefu kidogo.

Ndugu mwenye uzi, soma tena ulichoandika. Njia imechimbwa na maji. Kuta zimeliwa na maji. Chemchemi imejaa tope lililoletwa na maji. Mna adui mmoja, naye anashuka kutoka juu ya kijiji kila mvua inaponyesha, kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano. Mkipaka chokaa leo, matone ya paa yatairushia tope wiki hiyohiyo.

Fanya hesabu ndogo. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye bati la mita 5 kwa 8 ni mita za mraba 40. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni ya kawaida, inamwaga lita 800 kutoka kwenye paa hilo moja. Zidisha kwa nyumba 64, halafu ongeza viwanja vilivyokanyagwa vikawa vigumu kama sementi. Yote hayo yanatafuta mahali pa kushukia, na yamechagua njia yenu.

Kazi ya kwanza ni kuyakata juu kabla hayajapata mbio. Mnachimba mifereji inayokata mlima kwa ubavu, iliyo sawa kama maji ya bakuli. Wakenya wa Machakos wanaita fanya juu: unachimba mfereji, udongo unautupa upande wa juu, unakuwa tuta, na juu ya tuta unapanda majani. Kina cha nusu mita kinatosha. Miaka inavyokwenda udongo unajikusanya nyuma ya tuta na shamba linakuwa ngazi lenyewe.

Kuupata usawa hakuhitaji mashine. Kata fito mbili za mita mbili, zifunge kichwani zifanye herufi A, weka fito ya tatu katikati. Kutoka kichwani ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha miguu juu ya vigingi viwili, weka alama pale kamba inapogusa fito ya katikati. Geuza, mguu wa kulia uende kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kisha unatembea nayo ubavuni mwa mlima, mguu mmoja unabaki, mwingine unatafuta mahali ambapo kamba itatulia kwenye alama, unapiga kigingi. Mtoto wa darasa la sita anaifanya vizuri kuliko mimi, macho yake ni mazuri.

Lakini sikiliza hili kwa makini. Kama juu ya kijiji kuna nyufa kwenye ardhi, au miti imeinama yote upande mmoja, au kuna mahali panatota hata kiangazi, USICHIMBE mifereji ya kushika maji hapo. Maji yakizama kwenye ardhi ya namna hiyo, mlima wote unaweza kushuka. Hapo mfereji unapewa mteremko kidogo, maji yanaongozwa pembeni mpaka kwenye bonde lenye majani au mawe.

Chimbeni kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane. Majani mpande mvua za kwanza zikianza, si kabla.

Binti Kalehe

Fundi, aksanti kwa hilo neno la mwisho. Mimi ni wa Kalehe. Mwezi wa tano 2023 mvua ilishuka na mlima kule Bushushu na Nyamukubi, wakafa watu zaidi ya mia nne, na wengi hawakuonekana tena. Ilikuwa Alhamisi, Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Nina ndugu zangu wawili mle.

Mwenye uzi, kabla ya jambo lolote pandeni na wazee wanaoujua mlima, mtembee juu yote. Waulize maji yalipita wapi zamani. Mto unakumbuka njia yake hata kama watu wamejenga juu yake. Nyumba iliyo mdomoni mwa mkondo msiipambe. Msaidieni mwenyewe ahame, hata ikila pesa zote mlizo nazo.

Mwana wa Kilimani

Pole sana dada. Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Kuna nyumba mbili za namna hiyo kwetu, moja ni ya baba mdogo. Nitakwenda kuongea naye mwenyewe.

Muuguzi wa Zoni

Nafanya kazi katika zoni ya afya, nimefuatana na vijiji kadhaa kwenye programu ya taifa ya Shule na Vijiji Safi, ile wengi wanaiita Vilaji Asaini. Hata kama hakuna mtu atakayekuja kuwapa cheti, masharti yake yatawasaidia kujua mnakwenda wapi.

Kijiji kinahesabiwa safi kikiwa na kamati inayofanya kazi kweli. Angalau watu 80 kwa mia wanapata maji salama. Kaya 80 kwa mia zinatumia choo chenye usafi. Kaya 80 kwa mia zinaondoa taka zao vizuri. Watu 60 kwa mia wananawa kwa sabuni au majivu kabla ya kula na baada ya choo. Watu 70 kwa mia wanajua jinsi magonjwa ya mikono michafu yanavyoingia na jinsi ya kuyazuia. Na kijiji kizima kinasafishwa angalau mara moja kwa mwezi. Kwa nyumba zenu 64, choo cha usafi kinatakiwa kwenye nyumba 52. Mnazo ngapi sasa? Hesabuni kabla ya kununua kitu. Piteni nyumba kwa nyumba, mfungue mlango wa choo kwa adabu, muandike.

Choo kizuri si lazima kiwe cha sementi. Shimo refu, sakafu ngumu inayofagilika, kifuniko kinachoziba ili inzi wasitoke, majivu pembeni, bidoni ndogo yenye tundu imening'inizwa mlangoni. Kikae mita 30 au zaidi kutoka kwenye chemchemi, tena upande wa chini wala si wa juu, na mwisho wa shimo usikaribie maji ya ardhini. Watu wetu wa kando ya ziwa wanapigana na kipindupindu mwaka hata mwaka kwa sababu ya hayo mambo madogo.

Kuhusu chemchemi: msijenge tu ukuta mbele ya dimbwi. Fuateni maji nyuma mpaka mahali yanapotoka kwenye ardhi imara. Hapo jazeni mawe safi yaliyooshwa, juu yake mfunike kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, mbele mjenge ukuta mdogo wenye bomba, bomba liwe juu kiasi bidoni iingie chini yake ikiwa imesimama. Nyuma na juu chimbeni mfereji wa kukinga maji ya mvua, wekeni uzio mbuzi wasipande. Maji yanayomwagika yapelekwe kwenye migomba, yasituame.

Mzee wa Walungu

Wanangu, mnaongea vizuri sana juu ya majembe na fito. Lakini sijasikia mtu akiuliza shamba ni la nani.

Kwetu Bushi, nchi ya Washi, kuna kalinzi na kuna bwasa. Aliyetoa kalinzi kwa mwami, yaani mtawala wetu wa jadi, au kwa mwenye ardhi, ardhi hiyo anaikaa, wanawe wanairithi. Aliye kwenye bwasa anakodi kwa msimu. Anaruhusiwa maharagwe, viazi, mahindi. Akipanda mti au mgomba, mwenye shamba anasema huyu anataka kuninyang'anya, na mwaka ujao hamrudishii. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali, ila kijijini watu bado wanalala na kuamka kwa kalinzi.

Sasa mlima ulio juu ya kijiji chenu nani analima? Mara nyingi ni mama maskini wa bwasa. Mkimwambia achimbe mfereji na apande miti, mnamwambia atumie jasho lake kwenye shamba ambalo msimu ujao huenda si lake. Hatakataa mbele yenu. Hatafanya, basi. Nimeona miradi mingi imefia hapo, na wageni wanaondoka wakisema wanakijiji ni wavivu.

Waiteni wenye mashamba na wakodi wakae pamoja, mbele ya kapita, mkuu wa kijiji. Muandike karatasi rahisi: majani ya kwenye tuta ni ya anayelima, atawakatia mbuzi na simbiliki wake, mti utakaopandwa ni wa mwenye ardhi, na aliyechimba mfereji hatolewi kwa misimu kadhaa mtakayokubaliana. Kila mmoja atie dole gumba. Siku hiyo kunyweni kasiksi, pombe ya ndizi, pamoja, kwa sababu neno lililosemwa bila kinywaji kwetu bado halijakaa.

Fundi Mawe

Mzee, umenifundisha. Nimechimba mifereji mingi iliyofukiwa mwaka wa pili, na sikuwahi kuuliza ilikuwa kwenye bwasa ya nani.

Mwana wa Kilimani

Mzee, Muuguzi, Fundi, aksanti sana. Maswali mawili. Juu ya chemchemi wenye shamba wamepanda mikaratusi, wanauza nguzo na makala (makaa ya kupikia). Je, ni vibaya? Na hizi sashe, tunazichoma?

Muuguzi wa Zoni

Mkaratusi unakunywa sana, usiwe karibu na chemchemi. Usikate yote kwa siku moja, ardhi itabaki uchi. Punguzeni kidogokidogo mkipanda miti mingine. Grevilea mizizi yake inakwenda chini, inavumiliana na mazao, nayo inatoa mbao na kuni. Kaliandra inalisha mbuzi, na maua yake mekundu nyuki wanayapenda. Kijana wa Nguba, hayo ndiyo maua yako.

Plastiki msichome. Moshi wake watoto wanauvuta.

Mama Lengalenga

Juu ya sashe. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki, na bado sokoni tunafungiwa chumvi ndani yake. Zikitoka mlimani zinashuka mitoni, zinaingia ziwani, zinakwenda kunasa kwenye bwawa la Ruzizi, mitambo inaziba, na sisi Bukavu tunakaa gizani. Kwa hiyo sashe ya kijijini kwako inarudi kukuzimia taa Kadutu.

Wamama wa kwenu wanasuka vikapu? Mkubaliane, kila anayeshuka sokoni ashuke na kikapu. Gunia moja litundikwe kwenye kona pikipiki zinapoacha watu, watoto waokote Jumamosi. Maganda na majani yaende chini ya migomba.

Mawe Meusi, Goma

Sisi Goma tunajengea uzio wa mawe ya volkano kwa sababu ndiyo tuliyo nayo. Kwenu Kabare mna udongo na mna mavi ya ng'ombe. Kwa kuta: kwanza tandazeni kokoto chini ya ukingo wa paa ili tone lisirushe tope. Zibeni chini kwa mawe kimo cha goti. Kisha plasta ya udongo, mchanga na mavi ya ng'ombe, iachwe ikauke polepole. Chokaa ije mwisho kabisa, juu ya hiyo. Hapo itakaa.

Mwana wa Kilimani

Wapendwa, narudi baada ya miezi mitano. Niliahidi wengine wenu inboksi kwamba nitaleta habari.

Tulihesabu vyoo kwanza kama alivyosema Muuguzi. Vya usafi vilikuwa 11. Sikutegemea. Hata kwa mama yangu mzazi hakikuwa na kifuniko, na nimekula pale maisha yangu yote.

Pesa za likelemba ziliishia kwenye sementi ya chemchemi, bomba, na mabati ya baba mdogo. Alikubali kuhama kutoka mdomoni mwa mkondo, ilichukua mazungumzo manne na la mwisho alilia, kwa sababu pale ndipo kitovu chake kilipozikwa. Jirani yake wa pili amekataa mpaka sasa. Sijui nimwambie nini tena.

Kikao cha mashamba kilichukua siku nzima. Karatasi zilitiwa dole gumba na watu 19. Mama mmoja wa bwasa alishika karatasi yake kwa mikono miwili, akaiingiza ndani ya Biblia, akaifunga kwa kitambaa. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika na jembe.

Salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, tulifanya kila Jumamosi ya kiangazi. Wazee walikuwa na uchungu na neno hilo, linawakumbusha kazi za lazima za enzi za Mobutu, basi tukaita tu "kazi yetu". Mifereji sita imekamilika. Fito za A zilikuwa mikononi mwa wasichana wawili wa shule, na hakuna mwanamume aliyethubutu kusogeza kigingi chao.

Vyoo vya usafi sasa ni 38. Bado 14. Chokaa tumepaka nyumba tano tu, zile zilizomaliza kuziba chini kwa mawe. Kijana wa Nguba, una haki: tangu zile tano ziwe nyeupe, wengine wanabeba mawe bila kuitwa.

Sasa shida. Mbuzi walikula majani ya tuta la pili na la tatu yote, tumepanda upya na kamati imeamua mbuzi wafungwe, kuna ugomvi. Na wiki iliyopita ilinyesha usiku kucha. Mifereji mitano ilishika. Ule wa nne ulifurika mwishoni, upande wa kanisa, ukakata tuta kama mita mbili na maji yakarudi kwenye njia. Fundi, tulikosea wapi?

Fundi Mawe

Hamkuacha mlango. Mfereji ukijaa lazima uwe na mahali pa kutokea mnapopachagua ninyi, la sivyo utapachagua wenyewe. Pale ulipokatika msirudishie udongo mtupu. Shusheni ukingo kiganja kimoja chini ya sehemu nyingine ya tuta hilo, upana wa hatua moja, mpange mawe bapa yakilaliana kama magamba ya samaki, na chini yake mpande matete mpaka bondeni. Fanyeni hivyo kwenye yote sita kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja.

Nitakuwa upande wa Kabare Jumamosi hii. Nielekeze kona ya pikipiki, nitapanda niwaonyeshe wa kwanza.

Mwana wa Kilimani

Saa mbili asubuhi nitakuwa pale konani, Papa. Wale wasichana wawili watakuja na fito.